Gala dina ya okestra yetu Tabora: asali imeondoka taslimu, hela imebaki ahadi

Wakuu, habari za usiku.

Mimi si mtu wa kuanzisha uzi. Huwa napita humu kusoma mambo ya mpira na bei ya mahindi, nacheka kimya kimya, naondoka. Leo nimeingia na hasira, na nimeandika kwenye daftari kwanza ili nisije nikatukana mtu. Uzi ni mrefu, asiye na bando apite salama.

Napiga tromboni, ile ala ya shaba ya kupuliza yenye bomba la kuvuta, hapa Tabora mjini. Nilianza darasa la sita kwenye matarumbeta ya kanisani kama walivyoanza wengi wetu. Mji huu matarumbeta ya Wamoravian unayasikia kabla hujajua kusoma. Baadaye wakaja vijana wenye violini, akaja mwalimu mmoja wa kinanda mwenye subira ya punda, tukaungana. Sasa tuko thelathini na kitu. Mazoezi tunafanyia Isevya chini ya mwembe, Jumamosi na Jumapili alasiri. Sisi tunajiita okestra. Majirani wanatuita "wale wa viwembe", kwa sababu ya milio ya watoto wanaoanza violini, na kusema kweli jina limetukaa.

Watoto wa violini ni 14. Violini ni 9. Watano wanakaa wanasubiri wenzao wachoke. Na hizo 9 msidhani ni vyombo vya maana. Fundi wake ni mimi, sijasomea, nimejifunza kwa kuharibu. Kiangazi cha Tabora mnakijua, mbao zinakauka mpaka zinalia zenyewe usiku. Vigingi vya kukazia nyuzi vinasinyaa na kuteleza, mtoto anaanza wimbo sauti iko sawa, akifika ubeti wa pili uzi umelegea. Dawa yangu ni chaki ya darasani, napaka kwenye kigingi, kinashika siku mbili. Vali za tarumbeta nalainisha kwa mafuta ya cherehani. Uzi mwembamba wa violini ukikatika, hapa mjini huupati. Unapiga simu Kariakoo, unasubiri basi. Kama siku ya kupiga imefika, nafunga uzi wa gitaa. Unalia kama paka aliyebanwa mlangoni, lakini unalia.

Siwaambii haya mtuonee huruma. Kinshasa kuna okestra kubwa ya simfoni iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, yule mhubiri wa Kongo ambaye Kanisa la Wakimbangu lina jina lake. Wale walianza na violini chache wakipokezana, na nyuzi zilipokatika wakafunga waya za breki za baiskeli. Leo wanajulikana duniani. Kwa hiyo uchakavu wa vyombo si aibu, na wala sio ninaoulalamikia.

Nalalamikia gala dina, ile hafla yetu ya chakula cha usiku ya kuchangisha hela.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri. Kuna dada mmoja, Mtanzania mwenzetu, mwimbaji wa opera, anaishi na kuimba Ulaya. Alisikia habari zetu, akasema akija likizo atafika Tabora aimbe na sisi, tuchangishe hela ya vyombo. Malipo hakutaka. Aliomba nauli na mahali pa kulala penye feni. Mwalimu akafurahi, akawaomba watu wazima wa mji wamsaidie maandalizi. Wakaunda kamati. Hapo ndipo tulipopotelea, wakuu. Kamati ya watu 17 kwa okestra ya watu thelathini!

Sisi tulifikiria ukumbi wa shule, viti vya plastiki, kiingilio elfu mbili. Kamati ikasema wenye hela hawakai viti vya plastiki. Ukakodiwa ukumbi wa harusi. Kadi ya mtu mmoja 50,000, ya wawili 80,000, meza ya VIP laki sita. Rangi za siku hiyo dhahabu na bluu. Sasa mzazi anayeuza karanga stendi, hiyo dhahabu anaitoa wapi? Wazazi waliotusaidia kubeba vyombo wakaambiwa wasimame nje upande wa jikoni, watasikia dirishani. Na kweli walisimama. Mama mmoja alikuwa amesuka kabisa kwa ajili ya siku hiyo.

Yule dada alifika Ijumaa, akataka kuwaona watoto kabla hata ya kuoga. Alikaa nao kwa muda wa karibu saa tatu chini ya mwembe. Kuimba kulikuja baadaye. Kwanza alichukua mikono ya mabinti wawili, akaibandika kwenye mbavu zake, akavuta pumzi, akawaashiria wahesabu wakati anaitoa. Walipofika arobaini na kitu bado anatoa, mmoja akataka kulia, alidhani mgeni anakufa. Ndipo akaimba noti moja, ndefu. Nimepiga ala za shaba miaka mingi, sauti kubwa si kitu kigeni kwangu, ila nilisisimka mpaka kisogoni. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anapita akazima pikipiki.

Alitueleza kwamba kazi yao haina maiki. Wanaifundisha sauti kwa miaka mpaka nguvu yake ikusanyike kwenye mitetemo kama 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo ala za okestra hazina nguvu nyingi na ambapo sikio la binadamu ni jepesi. Ndiyo maana mtu mmoja anasikika juu ya wapigaji sitini. Kwa kamati aliomba kitu kimoja tu: ukimya.

Jumamosi sasa. Ratiba ilisema saa 1 jioni. Mgeni rasmi alitua saa 3:20. Muda wote huo sisi tuko ndani na mashati yetu meupe, watoto walikula mchana, tumepangwa nyuma ya nguzo upande wa keki. Ndiyo, kulikuwa na keki. Ya nini, mimi sijui, okestra haikuwa inaolewa. Ilitengenezwa kwa umbo la violini, na nyuzi nne za sukari. Ndiyo violini mpya pekee iliyonunuliwa usiku ule, na ililiwa.

Hotuba zilikuwa sita. Sisi tuliitwa wakati watu wanapakua chakula, MC anasema, "Okestra yetu, hebu tupigieni kitu cha kusindikiza biriani." Tukasindikiza. Nilipiga tromboni nikitazamana na kiwiko cha mtu anayechagua paja la kuku.

Dada akaitwa saa 5:40 usiku. Umeme ulikuwa umekatika, jenereta linanguruma nje, spika za DJ ziko wazi zinavuma. Ule mvumo wa umeme watu hawausikii, sisi tunausikia: ni mitetemo 50 na 100 kwa sekunde, yaani karibu kabisa na noti ya G, imepanda kidogo. Na wimbo alioandaa, ule wa Puccini, mtunzi wa opera wa Italia, wa mwaka 1918 ambao binti anamsihi baba yake amruhusu kuolewa, unakaa A flati, noti inayopakana na G. G na A flati zikikaa chumba kimoja ni mchanga kwenye wali. Mwalimu alimfuata DJ mara mbili kumwomba azime. Akajibiwa, "Mzee, mimi nimelipwa mpaka saa nane."

Akaanza hivyo hivyo. Na pamoja na mchanga wote ule, ukumbi ukaanza kunyamaza, meza moja moja, mpaka wahudumu wakasimama na sinia zao. Akapanda kwenda ile noti ya juu. Hapo MC akagundua kwamba dada hana maiki. Akachomoka mbio, akamsogezea maiki mdomoni kama anahoji mshindi wa bahati nasibu. Spika zikapiga yowe, watu wakaziba masikio. Dada akafunga mdomo. Akasubiri. Akatabasamu, akainama kidogo, akarudi kukaa. Hakuimba tena usiku ule na sikumlaumu.

MC hata hakushtuka. "Makofi kwa dada yetuuu! Sauti kama asali ya Sikonge! Na tukizungumzia asali..."

Mnada ukaanza.

Kuna mama ana binti kwenye violini, mtoto wa miaka 11. Kwao Sikonge, mumewe ana mizinga. Kadi ya 50,000 hakuiweza, akasema atachangia alichonacho. Akaja na ndoo ya lita 20 imejaa asali ya porini, ile nyeusi, amepanda nayo basi, kisha bodaboda, ameikumbatia mapajani kama mtoto mchanga. Ikawekwa juu ya meza yenye kitambaa cha dhahabu. Mmoja akasema laki mbili. Mwingine laki nne. Wakashindana huku DJ anapigia kila bei muziki wake, ikagota milioni moja na laki mbili. Watu wakasimama, picha zikapigwa, mnunuzi akapewa maiki (maiki ile ile) akasema anawapenda sana watoto. Mwandishi wa kamati akaandika pembeni ya jina lake: ahadi. Ndoo ikapakiwa kwenye buti la gari usiku ule ule.

Asali iliondoka taslimu, wakuu. Hela ndiyo ahadi.

Tulifungasha saa 7 usiku. Watoto walipewa wali uliobaki na mchuzi, nyama ilikwisha. Yule wa miaka 11 nilimkuta amelala juu ya boksi la violini, upinde bado ameushika.

Kwa wanakwaya mlioko humu: ile Haleluya ya Handel tunayoimba kila Pasaka, mnajua kazi nzima ilimotoka, Messiah, ilipigwa mara ya kwanza wapi? Dublin, Aprili 13, 1742, kwenye shughuli ya kuchangisha. Waandaaji waliwaomba wanawake waje bila zile fremu za kutanulia magauni, na wanaume waache panga zao nyumbani, ili ukumbi uingize watu wengi zaidi. Hela ikaenda kwa hospitali mbili na kwa watu waliofungwa kwa sababu ya madeni. Wafungwa 142 wakatoka. Idadi inajulikana mpaka leo, na hao walikuwa wanaandika kwa unyoya wa bata. Sisi wa simu janja tumewaambia watu wavae dhahabu, tukawaacha wazazi dirishani, na hakuna anayeweza kuniambia imenunuliwa violini ngapi.

Kwa sababu haijanunuliwa hata moja. Wiki ya tisa hii.

Ninachokijua nimekiokota mwenyewe. Mpambaji ni jirani yangu Kanyenye: bei yake ilikuwa milioni tatu na nusu, na anasema bado anadai. Violini ya kujifunzia, bei niliyopewa Kariakoo, ni laki tatu. Yale maua ya plastiki na vitambaa peke yake vingenunua violini 11 na chenji ya nyuzi. Tulikuwa tunahitaji tano.

Niliuliza kwenye kundi la WhatsApp, kwa adabu zote: "Wazee wangu, shikamooni. Tunaomba mapato na matumizi ya hafla." Mtunza hazina akanijibu kwa kile kikatuni cha mikono iliyokutanishwa kama mtu anasali. Wiki iliyofuata nikauliza tena, nikaambiwa, "Kijana, ahadi za watu hazidaiwi kwa fujo." Nina miaka 41 na mvi kidevuni. Mara ya tatu niliandika bei ya mapambo. Nikatolewa. Mke wangu bado yumo, ndiye anayenionyesha. Juzi wameweka picha za ule usiku na maneno kwamba maandalizi ya gala ya pili yameanza, "kubwa na ya kisasa zaidi".

Nasema hivi, hakuna kijana wangu wa shaba atakayepuliza kwenye gala ya pili kabla karatasi ya mapato na matumizi haijabandikwa pale kwenye mwembe. Walioahidi wapigiwe simu, jina kwa jina. Mbona mchango wa harusi wanaudai mpaka usiku wa manane? Na mtu amwombe radhi yule dada. Tangu arudi ameshatuma seti sita za nyuzi kwa hela yake mwenyewe, na hajasema neno.

NYONGEZA, saa 5 usiku: Nimesoma maoni. Mnaotaka nitaje majina ya kamati, sitaji, wenyewe wanasoma hapa na wanajijua. Mkuu uliyesema nina wivu kwa sababu sikupewa kadi, kadi nilikuwa nayo, nilikuwa nyuma ya nguzo. Mnaouliza tuchangie wapi, subirini kwanza, tuna hela nyingi tu, ziko kwenye mifuko ya waheshimiwa.

Jambo jingine dogo. Mama wa asali amenikuta leo mazoezini. Anasema hiyo milioni anaiachia kamati na Mungu wao. Ila ile ndoo ilikuwa nyeupe, mfuniko wa bluu, ina jina la mumewe kwa kalamu nyeusi, na msimu wa kurina umekaribia. Aliyeichukua, kama asali imeshahamishwa, anaomba amrudishie ndoo.