Kuhamisha Linux kwenda SSD ndogo: dd, Clonezilla, Timeshift au rsync?

KibandaMwenge: Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha steshenari hapa Mwenge, kompyuta yangu ni Linux Mint. Ndani kuna HDD (diski ya kuzunguka) ya GB 500, nimetumia kama 70 tu, na tangu juzi inalia tik-tik kama saa ya ukutani. Nimeshapitia Kariakoo nikachukua SSD (diski isiyozunguka) ya GB 240. Nataka kila kitu kihamie kilivyo, fonti na printa zisinisumbue. Nitumie nini?

BabuTerminal: dd, ile amri ya kunakili diski, isahau. Inanakili diski nzima hadi sehemu tupu, GB 500 haziingii kwenye 240. Halafu haikuulizi mara mbili. Mimi niliandika sda badala ya sdb (majina ya diski) kwenye of=, pale pa diski ya kuandikiwa, saa sita usiku, picha za harusi ya mdogo wangu zikaondoka. Siku hizi lsblk (inaorodhesha diski) kwanza, chai baadaye.

DadaKigamboni: Shikamoo Babu, pole. Mimi ni wa Clonezilla, programu ya kunakili diski. Unaiwasha kwa fleshi, inachukua sehemu zenye data tu, kwa hiyo ni haraka. Kasoro moja: diski mpya ikiwa ndogo kuliko ya zamani inagoma. Inabidi upunguze patisheni (kipande cha diski) kwa programu ya GParted kwanza.

BabuTerminal: Marahaba mwanangu. Ila diski inayolia unaipunguzia patisheni? Kule ni kuhamisha data ndani ya mgonjwa. Itamfia mkononi.

DadaKigamboni: Hapo umenishika. Clonezilla naiondoa kwa kesi hii.

Mtu_wa_Sinza: Mbona Timeshift ipo tayari kwenye Mint?

BabuTerminal: Hiyo ni ya kurudi nyuma apdeti ikiharibu mfumo. Isipobadilishwa, mafaili ya home (folda ya kazi zako) haiyagusi. Na kama nakala zake ziko kwenye diski hiyohiyo, zitazikwa pamoja.

KibandaMwenge, leo usiku nakili kazi za wateja kwenye diski ya nje. Kisha washa kwa fleshi ya Mint, tengeneza patisheni mpya kwenye SSD (usisahau ya EFI, ya kuwashia, kama mashine inawaka kwa mfumo wa UEFI), pandisha (mount) ya HDD kwenye /mnt/zamani na ya SSD kwenye /mnt/mpya, halafu nakili mafaili kwa rsync:

sudo rsync -aAXH --info=progress2 /mnt/zamani/ /mnt/mpya/

Mkwaju (/) wa mwisho baada ya "zamani" uache hapohapo, ukiukosa utapata folda ndani ya folda. Ukimaliza, tazama UUID mpya (namba za kutambulisha patisheni) kwa amri ya blkid, zirekebishe kwenye etc/fstab ya SSD (faili la patisheni za kupandishwa), ingia kwenye mfumo wa SSD kwa amri ya chroot usakinishe GRUB, programu ya kuwashia Linux. Faili likikataa kusomeka, rsync italitaja na kuendelea.

KibandaMwenge: Mrejesho. Ilichukua kama saa moja na nusu, mafaili mawili yalikataa, yote ya kashe ya brauza. Nilipowasha ikaniangukia kwenye "emergency mode", jasho likanitoka, maana mteja alikuwa amesimama dirishani na fleshi yake. Kumbe nilibadilisha UUID ya mzizi (patisheni kuu, /), ile ya /boot/efi nikaisahau kwenye fstab. Dakika tano ikakaa sawa. Printa imechapa.

DadaKigamboni: Hongera kaka. Sasa SSD ikiwa bado nzima, ndiyo uchukue picha ya Clonezilla (nakala ya diski nzima) uiweke diski ya nje. Ujaribu na kuirudisha kwenye diski nyingine.

KibandaMwenge: Sawa dada. Hii HDD nimeiandikia "USIGUSE" kwa maka pen, iko juu ya kabati.