Nimeota Prof Wangari Maathai akinipa mche. Niache kazi?

Binti_wa_Kawangware
Hamjambo wadau. Naombeni ushauri. Wa kucheka acheke, kisha anijibu.

Mimi ni karani wa hesabu kwenye kampuni moja huku Industrial Area. Mkataba unaisha mwisho wa mwezi na wameniletea mwingine wa miaka miwili, mshahara umeongezwa kidogo. Upande wa pili kuna mama tunayesali naye, ana kitalu cha miche Ngong Road. Magoti yamemlemea, anataka kuniachia nimlipe polepole, ila cha kuanzia itabidi nitoe akiba yangu yote ya sacco.

Sasa juzi nimeota niko Kencom, mvua inanyesha, watu wamejaa, matatu hakuna. Prof Wangari Maathai amekaa juu ya ndoo ya rangi, kilemba kichwani, anakula mahindi choma. Hakuna anayemshangaa ila mimi. Akanipa mche kwenye plastiki nyeusi, mizizi imeshatoboa chini. Nikamuuliza, "Prof, nipande wapi?" Akaendelea kutafuna. Nikaamka.

Huyu mama wa kupanda miti ndiye kielelezo changu tangu shule ya msingi. Alipopata Nobel 2004 nilikata picha yake gazetini nikaibandika ndani ya sanduku langu. Je, hii ni ishara? Mama yangu anasema marehemu akikupa kitu ndotoni usipokee, na mimi nilipokea kwa mikono miwili.

Kamongo
Mahindi yalikuwa na pilipili na ndimu?

Ustadhi_Pangani
Dada yangu, usiwe na hofu. Sisi tumefunzwa ndoto ni za aina tatu: bishara njema itokayo kwa Mola, ya kuhuzunisha itokayo kwa shetani, na ile ya mtu kuzungumza na nafsi yake. Mtu analala akiwaza miche, anaota mche. Hiyo mimi naiweka fungu la tatu bila kusita.

Na mama mwambie atulie. Katika tafsiri za ndoto zinazonasibishwa na Ibn Sirin, mwanachuoni wa kale, maiti kukupa kitu huhesabiwa kheri. Kinachoogopwa ni yeye kuchukua chako. Umeona sasa? Ndoto ni moja, mama anakataza, kitabu kinapongeza. Hata istikhara, ambayo wengi hudhani ni kulala na kungoja kuonyeshwa kitu, ni rakaa mbili na dua, kisha unashauriana na wanaolijua jambo na kuendelea nalo.

Zamu_ya_Usiku
Mimi ni nesi. Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na kile kipindi cha ndoto kali, macho yakichezacheza chini ya kope, hurefuka kuelekea alfajiri. Watafiti wa Chicago walikieleza tangu 1953. Kengele ya simu ikikukuta hapo unaikumbuka ndoto yote, hadi mahindi. Yanayoingia humo mengi ni ya mchana wako. Niambie, ulipoamka ulisikiaje? Furaha ama woga?

Binti_wa_Kawangware
Hasira, kusema kweli. Nimemuuliza swali moja tu na hakujibu.

Zamu_ya_Usiku
Basi anzia hapo. Unatafuta mtu akuamulie.

MamaUji
Mnamvunja moyo bure. Mimi niliota marehemu baba ananipa mwiko, wiki iliyofuata nikaacha kazi ya ofisi. Leo nauza uji na chapati Gikomba na nimeajiri vijana. Dada, ukingoja mpaka kila kitu kieleweke utazeeka ukijaza vitabu vya wenyewe.

Kamongo
MamaUji, na akiba ulikuwa nayo?

MamaUji
Mume wangu alikuwa kazini. Hilo nalikubali.

Binti_wa_Kawangware
Jameni, kuna mtu amenitumia ujumbe pembeni. Anajiita mtumishi, atanifunulia ndoto nikipanda mbegu ya shilingi 1,500.

Kamongo
Mbegu ya kupanda ni ya mahindi. Mfungie huyo.

Babu_Kaloleni
Mjukuu wangu, wazee walizipa ndoto uzito, sitakuficha. Wakikuyu husimulia habari za Mugo wa Kibiru, mwonaji wao wa zamani, aliyeamka mwili una michubuko, akatabiri kuja kwa wageni na nyoka wa chuma, yaani reli. Lakini hakukaa nayo kitandani. Wazee waliitwa, ikasikilizwa. Hapo umefanya vizuri kuileta kwa watu, ingawa baraza lenyewe lina akina Kamongo.

Prof nilimwona kwa macho yangu 1992 pale Uhuru Park, alipokuwa na akina mama wa wafungwa wa kisiasa. Hakuwa mtu wa kuulizwa swali akanyamaza. Huyo wa kwenye ndoo ni wako mwenyewe. Kwa hiyo achana na alichokuambia usingizini, angalia alichofanya akiwa hai, maana hicho kinajulikana.

Kitalu chake cha kwanza kilikwama. Alianzisha kampuni ndogo, Envirocare, miche ikiwa msitu wa Karura, pesa zikakosekana. Baadaye, tarehe 5 Juni 1977, wakapanda miti saba Kamukunji, na ndiyo ikazaa Green Belt Movement, shirika lake la kupanda miti. Wazo hilo halikutoka ndotoni: wanawake wa mashambani walilia kwamba kuni ziko mbali, maji hayatoshi, chakula ni duni, naye akasikia. Na miaka hiyo yote alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mshahara unaingia. Kazi aliiacha 1982 ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na alipotaka kurudi chuo kikamkatalia. Hata nyumba ya chuo akaihama. Ndipo miti ikawa kazi yake ya kutwa.

Ukitaka kumfuata, mfuate na kwa mpangilio huo pia. Wewe unataka kuanza na 1982.

Binti_wa_Kawangware
Babu, hii ya Envirocare sikuijua. Mimi nilikuwa na picha ya Nobel tu.

Miche_KiambuRoad
Nimechelewa kuona uzi. Mimi nina kitalu, mambo ya ndoto nawaachia wengine. Muulize huyo mama mambo mawili kabla hujagusa sacco. Maji anatoa wapi Januari na Februari? Mvua ya Machi ikifika wateja wanataka miche iliyo tayari, na ni wewe umeinywesha kiangazi chote, kwa mtungi wa kununua usipokuwa na bomba. Pili, ardhi ni ya nani? Wengi wetu tuko kando ya barabara, kwenye hifadhi ya barabara. Ikipanuliwa, unaambiwa uhame. Usinunue mahali, nunua miche na wateja.

Halafu ile mizizi iliyotoboa plastiki. Mche wa hivyo umekaa kitaluni muda mrefu, unakatwa mizizi ama unauzwa haraka. Ukiuacha, unashika ardhi hapohapo.

MamaUji
Haya, nani alisema yeye hafasiri ndoto?

Binti_wa_Kawangware
Nimeongea na mama wa kitalu. Maji ni ya kununua, Miche_KiambuRoad umelenga. Amekubali niwe naenda Jumamosi, na Jumapili baada ya kanisa, mpaka mvua ya masika, tugawane faida ya siku hizo. Mkataba nafikiria kuusaini, ila naogopa kufungwa miaka miwili mizima. Naweza kutoka katikati?

Zamu_ya_Usiku
Soma kipengele cha kuvunja mkataba. Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, anayelipwa kwa mwezi notisi yake ni siku 28, lakini mkataba wa muda maalumu hutegemea sana kilichoandikwa ndani. Kama kipengele hakipo, omba kiwekwe kabla hujatia sahihi.