Daktari kasema macho ya mtoto mazima lakini haniangalii, msaada jamani

Mama G: Habari wapendwa. Mwanangu ana mwaka na miezi miwili, alichelewa kulia alipozaliwa akakaa siku tisa wodi ya wachanga na degedege juu. Sasa nikimwita anageuka ila uso wangu hauangalii, midoli ndo kabisa, lakini taa ikiwaka anaikodolea mpaka basi, na juzi alikifuata kwa macho kikombe chekundu cha plastiki nikipita nacho. Tumempima macho wakasema mazima. Bibi yake anasema ana kiburi tu. Nimelia mpaka nimechoka, kuna aliyepitia hili?

Baba Mapacha: Pole sana mama. Mmoja wa kwetu yuko hivyohivyo, walizaliwa wiki ya 29. Tulielezwa jicho linapokea vizuri ila ubongo ndo unashindwa kusoma kilicholetwa, kwa hiyo wakimulika jicho hawaoni kasoro. Wetu akitaka kitu anakitazama kwanza, halafu anageuza uso pembeni ndo anapeleka mkono, tukadhani hataki, kumbe kutazama na kushika kwa pamoja kunamshinda.

Fizio Moshi: Nawafanyisha mazoezi watoto wenye mtindio wa ubongo, hawa nawaona kila wiki. Kuchelewa kulia, unjiti, manjano makali, homa ya uti wa mgongo, malaria ya kichwani, vyote vinaweza kuacha hali hiyo. Sio kiburi. Mama G anza na hichohicho kikombe chekundu, mtoto keshakuonyesha njia. Mkalishe kichwa kiegemee vizuri, tandika kitambaa cheusi kisicho na maua, zima redio, weka kikombe peke yake, kitikise kidogo halafu NYAMAZA usubiri, maana wengi tunaondoa kitu wakati mtoto ndo kwanza anakitafuta. Akiwa na njaa au amechoka ataona kidogo, mwache. Degedege kama bado inamshika dawa zisikatike. Na arudi apimwe miwani pia, wengine wana matatizo yote mawili, la ubongo na la macho yenyewe.

Mama G: Mungu awabariki. Kumbe nilikuwa namwagia midoli yote kwenye kanga ya maua na TV inaunguruma. Leo nimeweka kikombe tu, nikahesabu kimoyomoyo, kumi na nane ndo akageuka akakitazama! Sasa uso wangu je, au ni haya madira yangu?

Fizio Moshi: Inawezekana kabisa, sura ya mtu ina vingi vinavyocheza, ni ngumu kuisoma. Vaa fulana ya rangi moja, mwite kabla hujamsogelea, ukishafika karibu kaa kimya umpe muda akutafute.