Ushauri: naingia kwenye usafirishaji wa gesi asilia, nianze kujifunza wapi?

Kijana wa Kusini:
Wakuu, habari za jioni. Nina diploma ya umakanika, na mwezi ujao naanza mafunzo kazini Mtwara, upande wa bomba kubwa la gesi. Injini na pampu nazifahamu, ila bomba la aina hii sijawahi hata kulisogelea. Vitu gani vya msingi nivijue kabla sijaripoti?

Mzee wa Presha:
Hongera mdogo wangu. Visima viache kwanza, kazi yako inaanzia gesi inapotoka kiwandani. Chukua ramani ulifuate bomba: inchi 36 kutoka kiwanda cha Madimba, Mtwara, hadi Somanga Fungu, hapo linapokea lile la inchi 24 kutoka kisiwa cha Songo Songo, kisha linapanda hadi Kinyerezi, Dar es Salaam. Lilizinduliwa 2015. Kila unapofika jiulize: presha hapa ni ngapi, na kwa nini?

Gesi hutembea kwa tofauti ya presha tu. Njiani presha inashuka kwa msuguano, ndiyo maana mabomba marefu huwekewa kompresa za kuipandisha tena. Halafu bomba lenyewe ni ghala. Mitambo ya umeme ikipunguza matumizi, gesi inajazana humo na presha inapanda. Matumizi yakipanda, inaliwa akiba hiyo. Hili ukilielewa, utaelewa wale wa chumba cha udhibiti wanakesha wakiangalia nini.

Kijana wa Kusini:
Shukrani sana kaka. Nimeona picha ya kituo cha kupunguza presha, kina hita. Kwa joto letu la pwani, hita ya nini?

Mzee wa Presha:
Gesi ikishushwa presha ghafla inapoa, kama nusu nyuzi kwa kila bar moja (bar ni kipimo cha presha). Itoe bar 70 uipeleke 20, umepoteza nyuzi kama 25 hapo hapo kwenye valvu. Na kama imebaki na unyevu, maji na gesi hushikana yakawa vipande kama barafu, hata kabla ya kufika sifuri, vikaziba njia. Kwa hiyo gesi inakaushwa kiwandani, na kituoni inapashwa moto kabla ya kushushwa.

Dada Valvu:
Naongezea kutu, maana wageni wengi huidharau. Bomba limevishwa plastiki na bado linapewa umeme mdogo wa kulilinda. Utamwona fundi kwenye kigingi cha kupimia anamwaga maji kidogo ardhini, anasimika elektrodi ya shaba, anasoma mita. Anatafuta hasi milivolti 850 au zaidi ya hapo upande wa hasi, ndiyo dalili kwamba ulinzi unatosha. Mwombe akuachie upime mwenyewe.

Lingine, tafadhali sana: usitegemee pua. Ile harufu ya mtungi wa jikoni huongezwa, gesi asilia yenyewe hainuki, na kwenye bomba kubwa mara nyingi haijawekewa. Tembea na kifaa cha kugundua gesi. Tena hii ni nyepesi kuliko hewa, inapanda. Ya mtungi inatambaa chini. Kwenye chumba kilichofungwa, pima darini pia.

Kijana wa Kusini:
Nimeandika yote dada. Wiki ya kwanza niombe kupangwa wapi?

Dada Valvu:
Kwa wanaokagua mkuza, yaani ukanda wa ardhi bomba linamopita. Utaona vituo vya valvu, mito bomba linapopita, na mashamba yanayosogea karibu. Jifunze kuongea vizuri na wanakijiji, maana mtu akianza kuchimba juu ya bomba wao ndio watakaokupigia simu kwanza.