Mjadala: Power Rangers ya Super Nintendo (1994), dinosauri wa chuma wako wapi?

Mzee Pikseli
Wakuu, naomba tusigombane mapema. Jana nimeimaliza upya ile gemu ya Power Rangers, kile kipindi cha tivii cha vijana mashujaa wenye roboti, kwenye mashine ya Super Nintendo. Hatua saba. Tano unatembea kwa miguu ukitwanga yale mabwege ya udongo ya Rita, adui wa kipindi, mbili za mwisho ndiyo unaingizwa ndani ya Megazord, lile jitu linaloundwa na roboti zao zikiungana, tena ni ngumi za mtu kwa mtu basi. Yule Tyrannosaurus wa chuma aliyekuwa akichomoza kwenye ufa wa ardhi huku moshi unafuka, huwezi kumwendesha hata dakika moja. Nilinunua kaseti kwa ajili yake yeye!

Swali: gemu ilikuwa mbovu tangu siku ile tukawa hatuoni, au tunaionea kwa macho ya leo? Mimi nasema ilikuwa mbovu. Jina lilishauzika, wakajua tutanunua tu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na nyie wa emuleta, programu ya kuchezea gemu za zamani kwenye kompyuta, mnaosevu kila baada ya ngumi mbili, maoni yenu nitayahesabu nusu.

Kaseti Kuukuu
Habari za Megazord nitarudi. Hapo kwenye "nusu" ndipo uliponichoma. Nacheza kwenye emuleta kwa sababu gemu yenyewe haiuzwi. Mwaka 2023 Video Game History Foundation, wahifadhi wa historia ya gemu, walitoa utafiti wao: asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazipo tena sokoni. Na hizi zilizofungwa na leseni ya kipindi cha tivii ndizo ngumu zaidi kufufua, maana kila mwenye haki anataka chake. Sasa nielekeze duka, nikanunue.

Mzee Pikseli
Tafuta kaseti iliyotumika kama wenzako.

Kaseti Kuukuu
Na kwenye kaseti yako iliyotumika mtengenezaji kaambulia senti ngapi? Sifuri. Basi mimi na wewe tumemlipa sawasawa, tofauti ni kwamba wewe una kitu cha kupangusa vumbi.

Binti Jabali
Mnazunguka. Super Nintendo inabeba vipande vya picha 128 kwenye skrini, na 32 tu kwa mstari mmoja. Ukizidisha, vinaanza kumemeteka na kupotea. Jitu la chuma linakula nusu ya skrini, utaliwekaje pamoja na mabwege kumi ya udongo? Ndiyo maana Megazord alipewa uwanja wake na adui mmoja. Huo si uvivu. Ni mashine.

Risasi Moja
Wild Guns. Gemu ya risasi ya Natsume haohao waliotengeneza hii Power Rangers, mashine hiyohiyo, 1994 hiyohiyo. Roboti kubwa kama majengo, risasi zinamiminika kila upande, na gemu haikwami. Kwa hiyo mashine iliweza. Mikono iliweza pia.

Shabiki Mwekundu
Binti Jabali, hivi 1994 ulikuwepo? Maana naona unatuhesabia vipande kama karani. Sisi tuliokuwepo tunakumbuka unaanza hatua ukiwa kijana wa kawaida na nguo zako za nyumbani, halafu katikati ya vita, mwanga, tayari Ranger! Nyumba nzima ilipiga kelele. Hiyo ndiyo gemu. Tumecheza, tumefurahi, halafu leo mtu mzima anatuambia tulikuwa vipofu. Zile roboti tano za dinosauri zilikuwa utoto wetu, mziheshimu.

Daktari wa Mifupa
Samahani kuingilia. Tano za dinosauri? Ni mbili.

Shabiki Mwekundu
Mbili vipi? Tyrannosaurus, Triceratops, Mastodon, Pterodactyl, Sabertooth. Hesabu vidole.

Daktari wa Mifupa
Nimehesabu. Tyrannosaurus sawa. Triceratops sawa. Mastodon ni jamaa wa tembo, ananyonyesha. Sabertooth ni paka mwenye meno ya jambia, naye ananyonyesha. Dinosauri wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Mastodon walikuwepo hadi miaka elfu kumi na kitu hivi, wamewindwa na watu. Pterodactyl aliishi zama za dinosauri lakini ni binamu yao tu, hayumo kwenye ukoo.

Kaseti Kuukuu
Kumbe tembo lililotiwa maji ni lile la Ranger Mweusi.

Mzee Pikseli
😂 Haya, nimeipokea hiyo. Turudi kwenye mada.

Shabiki Mwekundu
Haturudi popote. Daktari, una tatizo gani na watu? Wajapani waliotengeneza kipindi cha asili walikiita Kyoryu Sentai Zyuranger, 1992, na kyoryu ni dinosauri. Wao hawajui, wewe ndiye unajua?

Daktari wa Mifupa
Na hiyo "zyu" unajua ni nini? Ni mnyama. Jina lenyewe limeacha mlango wazi. Kule Japani yule wa Ranger Mweusi alikuwa mamothi kabisa, kufika Marekani ndiyo akageuzwa mastodon. Wote wawili hawajawahi kumwona dinosauri hata kwa mbali. Ila kuku wako ni dinosauri, hilo wataalamu wa leo hawalipingi.

Shabiki Mwekundu
KUKU?

Daktari wa Mifupa
Ndege wote wametokana na dinosauri wa ukoo uleule wa Tyrannosaurus. Ungemweka Ranger wa Pinki juu ya jogoo badala ya Pterodactyl wake, ungekuwa na dinosauri watatu.

Binti Jabali
Nilikuwepo 1994, Shabiki. Na hata nisingekuwepo, mstari ungebaki na vipande 32.

Risasi Moja
Bado nasubiri mtu anijibu Wild Guns.

Kaseti Kuukuu
Ngoja, kama ni dinosauri tunadai, tulichokosa zaidi kiko upande huu. Kwenye toleo la Sega, ile mashine shindani, Ranger wa Kijani yupo, kwenye la Super Nintendo unachagua kati ya watano tu. Mtu aliyekuwa anapendwa kuliko wote ndiye waliyemwacha nje. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko Tyrannosaurus wa Mzee.

Mzee Pikseli
Hapo ndipo ninaposema! Ya Sega ni gemu ya ndondi tupu, haina hata hatua za kutembea, lakini imenipa nilichoahidiwa kwenye boksi. Ya Super Nintendo inapigika vizuri zaidi, nakubali, ngumi zina uzito, muziki una magitaa. Inaniudhi kwa sababu walijua kazi.

Shabiki Mwekundu
Kwa hiyo sasa ni nzuri?

Mzee Pikseli
Nimesema inapigika vizuri. Sijasema nimepata dinosauri wangu.

Shabiki Mwekundu
Umeanza na "mbovu". Imeandikwa hapo juu, sifuti mimi.

Mzee Pikseli
Mbovu kwa ahadi, si kwa ngumi. Na tungekuwa tumeshafika huko kama usingetupeleka kwa kuku.

Shabiki Mwekundu
Kuku kaletwa na Daktari!

Mpita Njia
Nimesoma yote. Swali moja kwa Daktari: Dragonzord, roboti ya Ranger wa Kijani, naye yuko upande gani?

Daktari wa Mifupa
Huyo ni joka. Anatoka baharini, mkia una ncha ya kuzunguka kama keekee, vidole vinarusha makombora. Hata mimi sina pa kumweka.

Shabiki Mwekundu
Ni dinosauri.