Nilipewa funguo kabla ya makabidhiano, leo mkandarasi anasema nyumba nilishaipokea

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Leo ni siku ya 19 naishi kwenye nyumba ambayo mkandarasi anasema ni yangu, lakini hakuna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba ilikaguliwa na kukabidhiwa.

Ijumaa jioni alinipigia simu: "Bosi, funguo zako ziko tayari. Njoo uchukue, uanze kuingiza vitu taratibu, makabidhiano tutafanya wiki ijayo mhandisi akirudi." Nikamuuliza hati ya makabidhiano iko wapi. Akasema hati ni utaratibu tu, haitukimbii. Nilikuwa nimebanwa kwa sababu nilikopanga nilishapewa tarehe ya kutoka, na yeye alilijua hilo, nilimwambia mwenyewe zaidi ya mara moja. Nikaenda. Funguo tano zimefungwa pamoja kwa kipande cha waya wa kufungia nondo, mbili zina rangi ya ukutani ambayo bado inanata. Akanipa daftari la saiti nisaini. Juu ya saini yangu kuna mstari mmoja tu: "Nimepokea funguo 5 za nyumba katika hali nzuri."

Usome tena huo mstari. Kilicho katika hali nzuri ni funguo au ni nyumba? Mimi nilisaini kwamba nimepokea funguo. Leo mstari huohuo ndio anaonitolea kila nikifungua mdomo.

Siku ya tatu mke wangu alioga asubuhi, saa saba mchana maji bado yamesimama kwenye kona ya mlango wa bafu. Nikamwaga kikombe kimoja cha maji katikati ya sakafu, nikapiga magoti nikatazama. Yalikaa kidogo, kisha yakaanza kutambaa polepole kuelekea mlangoni, na kitundu cha kutolea maji kikabaki kikavu kabisa. Sakafu ya bafu inatakiwa iteremkie kwenye kitundu, angalau kama sentimita 1 kwa kila mita. Hii imepandishwa kule inakotakiwa kushuka. Nikachukua sarafu nikaanza kugonga vigae, kimoja baada ya kingine. Kigae kilichoshika vizuri kinatoa mlio mzito na mfupi. Chenye uwazi chini yake kinalia kama kopo tupu. Safu yote ya ukutani inalia kama kopo.

Nikamleta fundi umeme mwingine. Soketi tatu za jikoni zina matundu matatu kama kawaida, lakini nyuma yake waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka ardhini umeme uliovuja, haujaunganishwa popote. Jikoni, wakuu, penye maji na vyombo vya chuma, na watoto wanaingia na kutoka. Ukuta wa sebuleni una ufa ulionyooka wima pale tofali zinapokutana na nguzo ya zege. Fundi yeyote mzoefu anajua kwamba mahali pale huwekwa wavu kabla ya plasta, kwa sababu tofali na zege havitanuki wala kusinyaa sawasawa. Kioo kimoja cha dirisha la jikoni kimepasuka kwenye pembe.

Nilipompelekea orodha, majibu yote yalianza na neno "nyie". Kioo: nyie mmekivunja mkiingiza kabati. Soketi: nyie mmeleta fundi wenu akazichokonoa. Vigae: nyie mmeburuta vitu vizito. Mteremko wa bafu akauruka, hakuujibu mpaka leo, maana hata yeye hawezi kusema kwamba familia yangu iliinamisha sakafu.

Hapa ndipo nilipoelewa kilichonipata. Kabla ya makabidhiano, mwenye kuthibitisha ni mjenzi: aonyeshe kwamba kazi ni nzima, na kikivunjika kitu kwenye saiti ni mzigo wake. Baada ya makabidhiano mzigo unageuka, ni wewe unayetakiwa kuonyesha kwamba kasoro ni ya kwake. Kile kioo sina namna ya kukithibitisha. Huenda kilipasuka kabla sijafika, huenda kweli ni kabati. Sikupiga picha hata moja kabla ya kuingiza vitu, na ndilo jambo linaloniuma kuliko yote.

Nikarudi kwenye mkataba, safari hii nikausoma taratibu. Kuna kifungu kinachosema sehemu yoyote ya jengo itakayotumiwa na mteja kabla ya hati ya makabidhiano itahesabiwa kuwa imepokelewa tangu siku ilipoanza kutumiwa. Nikadhani ni hila yake. Kumbe kifungu cha namna hiyo ni cha kawaida, hata mikataba ya FIDIC, ile ya mfano ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, toleo la 1999, inacho kwenye kifungu cha 10.2. Lakini 10.2 ina mlango wa kutokea: haihesabiwi hivyo ikiwa matumizi ni ya muda tu na pande zote mbili zimekubaliana. Maana yake sentensi moja iliyosainiwa ile Ijumaa ingeniokoa.

Sasa tazameni tarehe. Mkataba wangu ulitaka kazi iishe tarehe 30, na kila wiki ya kuchelewa angenilipa fidia. Funguo alinipa tarehe 28. Kwa hesabu yake fidia haikuanza kamwe, ingawa mafundi wake walikuwa bado wanapaka rangi. Halafu kuna asilimia 5 ya fedha yake niliyoishikilia kama dhamana ya kasoro: nusu inatoka siku ya makabidhiano, nusu baada ya miezi 12 ya matazamio, yaani muda wa kusubiri kasoro zijitokeze. Ameshaniandikia ankara ya nusu ya kwanza, na miezi 12 anaihesabu kuanzia tarehe 28. Na mtu huyuhuyu ndiye aliyeniambia hati haina haraka.

Bima nayo ni vilevile. Bima ya mkandarasi kwa kawaida inafunika jengo mpaka likabidhiwe, na mimi bima ya nyumba sikuwa nimekata, nikisubiri hati. Zile soketi zikiwasha moto usiku, nitamwendea nani?

Kama kuna mtu hapa ameitwa kuchukua funguo mapema, na kama umebanwa kama nilivyobanwa mimi, chukua, lakini kwanza andika kitu kama hiki na asaini: "Funguo zimetolewa kwa ajili ya kuhifadhi vitu tu, kwa muda. Nyumba haijakaguliwa wala kupokelewa. Tarehe ya kumaliza kazi, fidia ya kuchelewa na muda wa matazamio havibadiliki mpaka hati ya makabidhiano isainiwe." Kisha zunguka na simu, piga picha kila kioo, kila sinki, kila mlango, na usomaji wa mita za maji na umeme. Akikataa kusaini, mwachie funguo zake.

Ankara yake sijalipa. Nimemwandikia barua, nikaorodhesha kasoro zote 23, nikaeleza kwamba kuingia kwangu hakukuwa kupokea nyumba, na nikataka ukaguzi wa pamoja na mhandisi ambaye halipwi na yeyote kati yetu wawili. Hajajibu.

Kuna jambo moja nataka wanaozijua sheria wanisaidie. Juzi nilirudi nyumbani mchana nikamkuta fundi wake jikoni anaosha brashi za rangi kwenye sinki letu. Hakubisha hodi, alifungua mwenyewe. Nilipomuuliza akanionyesha ufunguo wake, umefungwa kwa waya uleule wa nondo. Nikibadilisha vitasa, mkandarasi atasema nimemzuia kurekebisha kasoro. Nisipobadilisha, watu wake wanaingia mke wangu akiwa peke yake ndani. Kama nyumba nilishaipokea tarehe 28, ufunguo wa sita unafanya nini mfukoni mwa fundi wake?