Stendi za bonsai uani: mbao, chuma au matofali?

Mkwaju_Mfupi (Kigamboni)
Wakuu, habari za jioni. Nina bonsai 11, ile miti inayofugwa mifupi ndani ya chungu: mikwaju 4, adeniamu 5 na bogenvilia 2. Yote imejaa barazani na mama watoto ameshasema basi. Nataka kuihamishia uani, upande wa mashariki wa nyumba, ipate jua la asubuhi. Bahari haiko mbali, kama mita 400 hivi. Fundi wa kwanza kanishauri mbao, wa pili chuma, na jirani anasema panga matofali uache kujisumbua. Mliokwisha kutengeneza, kipi kimedumu?

SkweaPaipu (Dodoma)
Chuma, mkuu, wala usifikirie mara mbili. Yangu ni skwea paipu ya inchi moja na nusu, mwaka wa 6 huu. Kuchomelea siku moja, redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu) mikono miwili, juu yake rangi ya mafuta. Huku kwetu ukiweka mbao umewapikia mchwa.

Binti_Nyali (Mombasa)
Dodoma hamna chumvi hewani, kakangu. Mimi nilitengenezewa stendi ya chuma, na kutu ilianzia ndani. Fundi aliacha ncha za paipu wazi, maji ya mvua yakaingia yakakaa humo. Kwa nje rangi inang'aa, nikigonga kwa kucha nasikia kama gamba la yai. Asubuhi moja nikakuta mguu mmoja umezama na mkuyu wangu uko chini, chungu vipande vitatu. Na usidanganyike na paipu ya galvanaizi: pale inapochomelewa ile zinki huungua, kwa hiyo kutu huanzia kwenye maungio hayohayo.

Halafu joto. Saa saba mchana chuma hakishikiki, na chungu cha bonsai ni kifupi, mizizi iko sentimita chache tu juu ya hilo joto.

SkweaPaipu
Hilo la ncha nakubali, zangu zimezibwa. Joto pia kweli, ndiyo maana juu nimelaza mbao. Kwa hiyo tuseme miguu ya chuma, uso wa mbao.

Mzee_wa_Mtini (Moshi)
Vijana, mnabishana vifaa na hakuna aliyetaja urefu. Bonsai hutazamwa shina likiwa karibu na usawa wa macho. Ukiiweka magotini utakuwa unaangalia utosi wake kama mtoto anayenyolewa. Chukua kiti, kaa pale unapopenda kunywea chai, mtu akunyanyulie chungu polepole mpaka useme hapo. Pima. Huo ndio urefu wa stendi yako.

Wajapani mti wa thamani huuweka peke yake juu ya nguzo moja, uonekane pande zote na iwe rahisi kuuzungusha. Tena pale Omiya, kijiji kilichoanzishwa na wenye vitalu waliohama Tokyo baada ya tetemeko la 1923, masharti ya mwanzo yalikuwa mkazi awe na bonsai zisizopungua 10, uzio uwe wa mimea na nyumba isiwe ya ghorofa. Ghorofa huziba jua. Mleta mada, huyo jirani yako mpenda matofali, muulize matofali yake anayapeleka wapi.

Mkwaju_Mfupi
Shikamoo mzee. Nimecheka mpaka nimeitwa ndani. Kesho nafanya la kiti.

Tofali_Sita (Tanga)
Jirani yako hajakosea. Tofali la inchi 6 likilazwa kikawaida lina kimo cha inchi 9, kwa hiyo manne ni inchi 36. Nguzo mbili, juu mbao ya mninga au mtiki ya mbili kwa nane, kazi imekwisha. Lakini angalia haya.

Mwanya kati ya nguzo usizidi futi 4. Mimi nilianza na futi 6 na mbao ikapinda katikati. Watu hawapimi uzito: chungu cha sentimita 60 kwa 40, kina 10, kinabeba lita 24, na udongo ukishalowa unacheza kwenye kilo 30, bado chungu chenyewe na mti. Kati ya mbao na mbao acha nusu inchi maji yapite.

La pili ni mchwa. Wanapanda hata tofali, wanajenga kanjia kao ka udongo mpaka juu. Weka kipande cha bati juu ya nguzo, kingo zikunjwe kuelekea chini. Hakiwazuii kabisa, ila kinawalazimisha watokeze nje uwaone, kisha unapitisha brashi. Oili chafu usiipake huko juu, inachuruzika na kunyonywa na udongo. Na kama kuna watoto, usiyapange makavu, weka udongo wa simenti katikati.

Binti_Nyali
Na ufunge vyungu kwa waya. Kusi ikivuma haiombi ruhusa.

Mkwaju_Mfupi
Wiki tatu baadaye, mrejesho. Kitini nilipata inchi 38, kwa hiyo nimelaza matofali manne na mbao ya inchi 2 juu. Nguzo 4, mbao tatu za mtiki, mwanya futi 4 kasoro, bati chini. Mkwaju mkubwa nimeupa nguzo yake peke yake kama alivyosema mzee. Waya nimefunga kwenye misumari iliyo chini ya mbao, haionekani. Mchwa bado sijawaona, ila sisimizi wameshafika kwenye adeniamu mbili. Chungu wamepanda chungu.

SkweaPaipu
Picha iko wapi?